Mwaka Tuliokwangua Gitaa la Mongbwalu

Tulipomzika Tantine Rosalie, matanga yalikaa uani kwetu Nyakasanza, chini ya turubai tuliloazima parokiani, na watu wa mtaa walikuja kula, kulia na kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa mkali. Nilikuwa nikigawa chai pikipiki iliposimama mlangoni na mzee mmoja mwembamba akashuka polepole, vumbi jekundu la barabara ya Mongbwalu limemjaa hadi kwenye kope. Sikumtambua mpaka aliponiita jina, Janine, kwa ile namna yake ya kulivuta mwishoni, kama mtu anayejaribu uzi. Papa Fidele. Alisalimia wote, akaweka mkono juu ya picha ya Tantine, kisha akaomba nimwonyeshe depo, chumba cha nyuma ambamo Noko Baraka, mjomba wangu, mume wa Tantine, alikuwa akiweka mbao zake. Siku hizi wanalala wajukuu humo. Papa Fidele alisimama katikati ya vitanda vyao, akapapasa ukuta kwa viganja, akawaambia watoto waliokuwa wakimkodolea macho kwamba yeye aliishi humu karibu mwaka mzima na hakuishi vibaya. Watoto walidhani anatania. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe la kufulia, kwa sababu mwaka ule ulinirudia wote kwa mpigo, na nilichoona ajabu, siku ya kumlilia Tantine, ni kwamba ulinirudia kama furaha.

Kwa nini nilikuwa nikiishi kwa Noko ni habari nyingine, na ndefu. Inatosha kusema kwamba shule zilikuwa zimefungwa, mji ulikuwa ukibadilisha watawala wenye bunduki kila baada ya muda, na mimi, msichana niliyemaliza mwaka wa tano wa sekondari bila kujua kama kungekuwa na wa sita, nilikuwa nimepata kazi ya kupiga msasa kwenye karakana ya Noko ya useremala. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyokiri. Nilipenda ubao mkali unavyolainika chini ya kiganja. Papa Fidele alitufikia kwa miguu kutoka Mongbwalu, baada ya wenye bunduki kuuteka mji ule wa dhahabu. Yeye na Noko walikuwa wamefahamiana zamani, Noko alipokwenda huko kutengeneza milango ya nyumba za kampuni ya mgodi. Sitataja kabila lake wala letu. Mwaka ule watu walitaja makabila vya kutosha. Niseme tu kwamba kwa jina lake tu wangemuua katika mtaa wetu, na kwamba Tantine, alipomwona amesimama jikoni na viatu vilivyoachama, hakumuuliza neno. Alimsogezea kiti, akampa bugali na sombe ya majani ya mhogo, na alipomaliza kula akamwambia kuwa depo ina mlango mmoja tu, kwa hiyo asizoee kukaa karibu nao.

Alikuja na mzigo mmoja, umefungwa ndani ya ganda la godoro. Nilidhani ni nguo. Kesho yake asubuhi aliufungua juu ya benchi la Noko, na ndani mlikuwa na gitaa la umeme, baya kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Lilipakwa rangi ya kijani, ile ile nzito ya mafuta iliyokuwa kwenye milango ya kampuni. Swichi yake ilikuwa ya taa ya chumbani. Kitufe cha kuongeza sauti kilikuwa kifuniko cha chupa ya dawa. Nyuma palikuwa na tundu la kuingiza ngumi, lililochimbwa kwa patasi butu. Na katikati, kati ya mikro mbili za kiwandani, vile visumaku vyenye waya vinavyosikia nyuzi na kuzigeuza kuwa umeme, palibanwa mikro ya tatu, nene, imefungwa kwa uzi mweusi kama kidonda. Papa Fidele alieleza kwamba liliingia nchini kabla mimi sijazaliwa, kwenye mizigo ya mzungu mmoja wa mgodi, na kwamba orkesta ya wachimbaji ililipiga kila Jumamosi kwa miaka mingi, kila mpigaji akiongeza lake. Alisema hakuna anachotaka isipokuwa Noko amsaidie kunyoosha shingo, maana ilipinda njiani kwa mvua.

Noko hakuwa mtu wa kunyoosha shingo tu. Aliligeuza gitaa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalisikiliza, kisha akachukua kipande cha kioo kilichovunjika, kifaa chake cha kukwangulia, akakwangua sehemu ndogo pembeni, mahali mkono hupumzika. Kijani kilitoka kama ganda la yai. Chini yake palikuwa na nyekundu. Chini ya nyekundu palikuwa na nyeupe. Na chini ya nyeupe, Noko alipopuliza vumbi, palitokea rangi ya asali iliyochomeka, inang'aa, ikififia kuelekea ukingoni mpaka kuwa kahawia ya kahawa. Nilipiga kelele bila kukusudia. Tantine akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi akidhani wenye bunduki wameingia.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ulikuwa ugomvi mtamu, wa wanaume wawili walioanza kusahau vita. Noko alitaka kutoa kila kilichoongezwa, mikro ya tatu, swichi, kila kitu, alirudishe gitaa kama lilivyotoka kiwandani. Aliona waziwazi kile fundi wa kwanza alichokuwa amekifanya, na kuona kimefunikwa hivyo kulimuuma. Papa Fidele alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baraka, rangi utoshe," alisema, akimaanisha aiondoe. "Lile tundu uzibe, ni mulevi mumoja alitoboa. Lakini ile mikro ya katikati usiguse. Tuliitengeneza na waya ya telefone ya mine, siye wenyewe, tukiwa vijana. Kama unaitosha, bakia na gitare, ni yako."

Siku nzima Noko aliranda ubao ambao haukuhitaji kurandwa. Jioni, tukiwa tunakula, alisema kama mtu anayezungumza na bakuli lake kwamba mikro ingebaki, lakini ule uzi mweusi ulikuwa aibu na angeitengenezea fremu. Papa Fidele alicheka mpaka Tantine akamziba mdomo kwa mkono wake, kwa sababu kuna watu walikuwa wakipita barabarani.

Tulianza kazi, na sijui kama maishani nimewahi kuamka na hamu kama ile. Nilikwangua kwa kioo, pole pole, kwa pembe ambayo Noko alinifundisha, ili nichukue rangi na kuiacha vanishi ya zamani chini yake. Nyekundu ilikuwa rahisi. Nyeupe ilishika kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Papa Fidele alifanya kazi upande wake ndani ya depo, mlango umefungwa, kwa mwanga wa dirisha dogo la juu, akiwa na shingo ya gitaa mapajani, akinyoosha, akisawazisha vile vyuma vya shingoni ambapo vidole hubana nyuzi, kwa jiwe la kunolea. Tulipelekeana vipande kupitia mlangoni kama wapishi wawili wa chungu kimoja. Mitaani kulikuwa na siku ambazo risasi zilianza asubuhi na sote tulilala chini, mashavu kwenye sakafu, na nakumbuka siku moja nikiwa chini hivyo nikiona gitaa juu ya benchi, limebaki doa moja la nyeupe karibu na ukingo, nikawaza, Mungu wangu, wasilipige kabla sijamaliza pale.

Sehemu zilizokuwa zimekwanguliwa mpaka kwenye mti zilihitaji kung'arishwa upya. Noko alikuwa na kopo la gomlaki, masalio ya enzi za wafanyabiashara Wagiriki, vipande vyembamba vya rangi ya kahawia kama mabawa ya kumbikumbi. Vinayeyushwa kwa alkoli. Alkoli hatukuwa nayo, kwa hiyo tukajaribu lotoko, pombe kali ya mihogo na mahindi aliyoileta jirani. Nilipopaka tu, ubao ukafunikwa na ukungu mweupe, kama dirisha lililopumuliwa. Noko alishika kichwa. Lotoko ilikuwa na maji ndani yake. Tantine, ambaye mpaka siku ile alikuwa akiita gitaa lile "kile kibao chenu", alivua aproni, akaenda kwa muuguzi aliyekuwa akisali naye, akarudi na chupa ya alkoli safi chini ya kitenge. Hakusema aliombaje. Alisema tu kwamba tukiharibu tena, atapikia maharagwe kwa kuni za kile kibao.

Hatukuharibu. Noko alinionyesha jinsi ya kufunga pamba ndani ya kitambaa kilichochakaa, kuilowesha kidogo, kuipaka tone la mafuta ya karanga ili isishike, na kuipitisha kwa mizunguko midogo bila kusimama kamwe, kwa sababu ukisimama inang'ata. Mara ya kwanza huoni kitu. Mara ya pili unaona unyevu. Kisha, baada ya siku kadhaa za kupaka na kungoja, asubuhi moja unainua kitambaa kilichofunika na ubao unakutazama. Ile asali ilikuwa na kina, kama unaweza kuchovya kidole. Tundu la mlevi tulikuwa tumeliziba kwa kipande cha libuyu, ule mti mwekundu wa msitu wa Mambasa, na Noko alikuwa amelinganisha nyuzi za mti kiasi kwamba ulihitaji kuambiwa kiraka kiko wapi. Nilimwita Papa Fidele atoke. Alitoka depo mchana kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza kazi, akainama juu ya benchi, na sura yake mwenyewe ikaonekana ndani ya gitaa. Alisema, "Ah, bwana wee," kwa sauti ndogo sana, akarudi ndani haraka.

Waya zilikuwa kazi yake. Umeme mjini haukuwepo, kwa hiyo alipasha msumari mnene wa shaba kwenye babula la Tantine, katikati ya makaa, akalehemu kwa bati lililotolewa kwenye radio iliyokufa. Nyuzi zilikuwa tano. Wa sita aliutoa kwenye kebo ya breki ya baiskeli, akachambua uzi mmoja wa chuma, akaunyoosha mpaka ukaimba. Na hapo nilijifunza jambo ambalo bado linanishangaza. Gitaa la umeme, bila umeme, halina sauti. Linanong'ona. Mtu aliyejificha anaweza kulipiga mchana kutwa na jirani asisikie. Papa Fidele alinifundisha kuegemeza taya langu juu ya pembe ya gitaa wakati yeye anapiga, na muziki uliingia kupitia meno na mifupa, mzima, ukijaa kichwani, wakati chumba kilikuwa kimya kabisa. Alinifundisha mzunguko mmoja, wa wachimbaji, unaopanda na kushuka kama watu wanaopokezana karai la mchanga. Nilijifunza huo tu. Vidole vilitoka malengelenge, vikapasuka, vikawa vigumu, na nilivionyesha kwa Tantine kama mtoto anayeonyesha jino lililotoka.

Vanishi ya mwisho ilihitaji hewa, kwa hiyo mchana gitaa lilining'inia karakanani kwenye waya, nje kidogo ya jua. Ndivyo walivyoliona. Vijana wa kundi lililoshika mtaa walikuja na gari lao kutafuta mbao za kujengea kizuizi. Mmoja, mrefu, bunduki begani, alisimama mbele ya gitaa kama mtu aliyesimama mbele ya altare.

"Iko ya nani?"

"Yangu," nilisema. Noko alikuwa amesimama nyuma yangu, randa mkononi.

Aliniamuru nipige. Nilipiga, likanong'ona, wakacheka. Yule mrefu hakucheka. Kabla ya vita, aliniambia, alikuwa akijifunza ufundi wa radio, na alijua kitu hiki kinataka nini. Akaleta kutoka garini radio kaseti kubwa, akatoa betri ya gari akaiweka chini, akaunga waya kwa meno na vidole, huku ulimi umemtoka pembeni kama wa mwanafunzi. Nilitazama mikono yake na nikasahau bunduki. Namwambia ukweli yeyote atakayesoma hapa: nilitaka awahi. Nilikuwa nimelikwangua gitaa lile kwa miezi na sijawahi kulisikia. Aligeuza swichi mpya, aliyoichonga Noko badala ya ile ya taa, kwenye mikro ya katikati, na nikapiga.

Sauti ilitoka kubwa, yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu mwenye mafua anayecheka. Ilijaa uani, ikavuka ukuta. Kuku walikimbia. Ile mikro ya waya za simu, ambayo Noko alitaka kuitupa, ilikuwa na kitu ambacho zile nyingine mbili hazikuwa nacho, na nilipogeuka nilimwona Noko, katikati ya hofu yote ile, ametikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kesi na kufurahi. Tantine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani, macho kwenye mlango wa depo. Nilirudia mzunguko. Vijana walianza kucheza. Nilirudia tena na tena, sikuwa na mwingine, na walicheza mpaka sauti ikaanza kuzama, na betri, ambayo ilikuwa imechoka tangu mwanzo, ikafa. Waliirudisha garini, na gari likakataa kuwaka. Wakalisukuma barabara nzima, wakitukanana. Lakini yule mrefu alirudi kuchukua radio yake, akaniambia kwamba Jumapili mkubwa wao ana sherehe, na watakuja kunichukua, mimi pamoja na gitaa.

Tulikusanyika jikoni. Papa Fidele alitoka depo, akasema angeondoka usiku huo peke yake, na gitaa tubaki nalo, labda wakilipata watatuacha. Tantine alimwambia akae. Alisema wakija Jumapili wataingia kila chumba, kwa hiyo Janine hatakuwepo, Fidele hatakuwepo, na kile kibao hakitakuwepo, na kwamba tutakwenda mchana, kwa sababu anayetembea usiku ni mwizi na anayetembea mchana na mzigo ni mtu wa kazi. Kambi ya wakimbizi ilikuwa karibu na uwanja wa ndege, inalindwa na askari wa kigeni. Kati yake na sisi kulikuwa na kizuizi kimoja.

Noko alikuwa na kabati la nguo ambalo hajalipigilia kitako. Asubuhi tulifunga gitaa ndani yake kwa mikanda ya kitenge, na yeye na Papa Fidele wakalivaa kabati kama kofia, mmoja mbele, mwingine nyuma, vichwa na mabega vimo ndani, miguu tu inaonekana. Mimi nilibeba mlango wake. Tantine alitangulia na sufuria kichwani. Nilitaka kucheka, nikaficha uso nyuma ya mlango ule. Njia nzima nilisikia, ndani ya kabati, uzi wa kebo ya baiskeli ukinong'ona kila walipokanyaga vibaya.

Pale kizuizini walikuwa wengine, si wale wa karakanani. Mmoja alipiga kabati kwa kiganja, na ndani kitu kikalia, kidogo sana, ng'i. Noko alikohoa.

"Iko nini ndani?"

"Iko vichwa ya bazee mbili na njaa yao," alisema Tantine.

Alisema bila kugeuka, huku akishusha sufuria. Yule kijana aliamuru kabati liwekwe chini. Tantine alifunua kifuniko, na mvuke wa maharagwe yenye mawese ukapanda kati yao.

"Bakiliweka chini, ni weye utabatwika," alimwambia, yaani wakilitua ni yeye atakayewatwika tena. "Hawa hawajakula. Weye nawe umekula?"

Alimtazama kwa yale macho ambayo sote tuliyaogopa. Kijana aliangalia sufuria. Wenzake wakaja. Tantine aliwapakulia kwenye majani ya ndizi, mmoja mmoja, akimwambia huyu aoshe mikono kwanza, akimuuliza yule mama yake anaishi wapi, na bila kuinua kichwa alitupungia mwiko, twende, twende, mnasimama nini. Tulikwenda. Sikuthubutu kugeuka. Alitufikia kambini baadaye, sufuria tupu kichwani, akaketi juu ya jiwe na kuvua viatu.

Watu wameniuliza kama inastahili kukumbuka gitaa katika mwaka uliokula watu wengi hivyo. Najiuliza pia. Wapo ambao majina yao yanapaswa kuandikwa kabla ya gitaa lolote, na ninawajua, na baadhi nawaota. Lakini ninapomkumbuka Tantine simkumbuki akilia, ingawa alilia. Namkumbuka siku ile kambini, saa za alasiri, chini ya hema lililokuwa kanisa, ambapo palikuwa na jenereta ndogo na bafle, spika ya kwaya. Papa Fidele aliomba kuunganisha. Mikono yake ilikuwa na vumbi la kabati. Watu walianza kusogea, kina mama na madumu ya maji, wazee, watu wa Mongbwalu waliolitambua umbo la gitaa lakini si rangi yake, wakaulizana kwa sauti ndogo kama ndilo lenyewe. Alipiga ule mzunguko wa wachimbaji, huu wangu, lakini kama unavyopaswa kupigwa, na juu yake akapandisha mambo ambayo kwa miezi nilikuwa nimeyasikia kwa meno tu. Lile kundi la Mongbwalu lilipiga yowe moja. Mzee mmoja alianza kucheza na mkongojo wake. Noko alisimama karibu kabisa na bafle, sikio limeelekezwa, akitabasamu kama mpumbavu.

Alipomaliza, Tantine alikuwa bado juu ya jiwe lake, viatu vimevuliwa. Baada ya muda angerudi nyumbani, na Jumapili wangekuja, wangevunja benchi la Noko na kubeba mbao zote, na yeye angewaambia kwamba kundi jingine limewawahi, wamelichukua gitaa na msichana. Hayo yote yalikuwa mbele na hakuyajua, au aliyajua.

"Fidele, anza tena," alisema. "Ya kwanza, kule nyumbani, nilisikia na woga. Na hii ya sasa nilikuwa bado napumua tu. Anza tena, nisikie."

Akaanza tena.